Siti binti Saad na siri ya sauti ivumayo

Hapa Lurambi, penye mji wa Kakamega, bahari haionekani wala haisikiki. Lakini sokoni kuna jambo moja ambalo mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa angelitambua mara moja. Mwanamke ajaye kununua chungu hakitazami kwa macho tu. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa vidole vya mkono wa pili, akatega sikio. Kikilia mlio mwembamba uliokaa hewani kidogo, hutoa fedha zake. Kikitoa mlio mfupi uliokufa, hukirudisha chini bila maneno mengi. Eneo hili lina wafinyanzi mashuhuri wa Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu, na wao pia wajua hukumu hiyo ya kidole na sikio.

Jambo hilo dogo latukumbusha mtoto mmoja wa wafinyanzi, ambaye sauti yake ilitoka kijijini ikaenda mjini, na kutoka mjini ikavuka bahari mpaka India. Huyo ni marehemu Siti binti Saad. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia wasifu. Leo, ndugu msomaji, tutayapitia tena kwa njia ambayo haijazoeleka sana. Tutauliza: sauti ni nini, na kwa nini sauti moja huishia mlangoni na nyingine ikafika ng’ambo?

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, na wote wawili walikuwa watu wa kizazi cha utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na halihitaji kufasiriwa. Amri ya kuiondoa hali ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata baadaye, na alilipata kwa kazi yake.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, na hapana shaka nyumba ile iliujua ukweli wa msemo huo. Mtoto hakutiwa shule wala hakujifunza kuandika. Alitembeza vyungu na kunadi. Masimulizi ya Unguja yanaeleza kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kuiona sura yake, kwani aliponadi alisikika kutoka mbali.

Basi tuanzie hapo, kwenye chungu. Kidole kinapokigonga, udongo uliochomwa hutetemeka. Hauonekani kwa macho kwa kuwa unakwenda na kurudi kwa upesi mno, mara mia kadhaa katika sekunde moja. Mtetemo huo huzunguka mwili wa chungu, na chungu kizima hulia pamoja. Ikiwa kina ufa, hata ule usioonekana, mtetemo hukatika njiani. Kingo mbili za ufa husuguana, nguvu yote ikapotea hapo, na mlio ukafa. Ndiyo sababu sikio la mnunuzi huona kasoro ambayo jicho limeikosa.

WIMBI HALICHUKUI MAJI

Mtetemo wa chungu hufikaje sikioni? Mtu wa pwani ana bahati, maana mfano wa jambo hili uko mbele ya mlango wake. Tazama boya la mvuvi lililofungwa nyavuni. Wimbi huja, boya likapanda. Wimbi hupita, boya likashuka, na bado liko karibu na pale lilipokuwa. Maji yenyewe hayakusafiri kutoka mkondoni mpaka pwani. Kilichosafiri ni mtikisiko, tone moja likilisukuma jirani yake.

Sauti ni hivyo hivyo, ila ni wimbi la hewa. Hewa iliyo mdomoni mwa mnadi haiendi mpaka sikioni mwa mnunuzi. Huisukuma hewa iliyo mbele yake, nayo ikaisukuma ya mbele zaidi, kwa mwendo wa mita 340 hivi kila sekunde. Mwenye nyumba iliyo mita 340 kutoka njiani huisikia sauti ya muuza vyungu sekunde moja baada ya kutamkwa. Majini mwendo huo huongezeka zaidi ya mara nne, ukafika kama mita 1,500 kwa sekunde.

Wazee wetu katika Uislamu waliliona jambo hili zamani. Katika karne ya kumi ya Miladi, huko Basra, kulikuwa na kundi la wanazuoni lililojiita Ikhwan al-Safa, waliotunga risala zipatazo 52 juu ya elimu mbalimbali, na mojawapo inahusu muziki. Walieleza kwamba sauti huzaliwa vitu viwili vinapogongana, hewa ikasukumwa kila upande kwa umbo la tufe, kama kioo cha moto kinavyofura kwa pumzi ya mfua kioo. Na kadiri tufe linavyopanuka ndivyo nguvu yake inavyopungua. Elimu ya leo imeuwekea maelezo hayo hesabu: mahali palipo wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo; umbali ukizidi mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa.

Hapa ndipo penye swali letu. Ikiwa sauti ya kila mwanadamu hupunguzwa na hesabu hiyo hiyo, iliwezekanaje sauti ya binti mmoja wa Fumba ikasikika pale za wenzake zilipokwisha?

KUITIKIA

Jibu limo katika jambo ambalo wataalamu wa fizikia hulipa uzito mkubwa, nasi tutaliita kuitikia. Tusilichanganye na mwangwi. Mwangwi ni sauti iliyogonga ukuta ikakurudia. Kuitikia ni kitu kingine kutetemeka chenyewe kwa sababu kimeguswa na mtetemo unaolingana na wake.

Mtazame mtoto kwenye pembea siku ya Idi. Kila pembea ina mwendo wake wa kwenda na kurudi. Ukiisukuma ovyo, wakati mwingine inapokujia, unaizuia. Ukiisukuma kila mara pale inapoanza kwenda, basi hata kwa kidole kimoja itapanda juu, ingawa nguvu yako ni ile ile. Kila kitu kinachoweza kutetemeka kina wakati wake mfano wa pembea: uzi wa udi, ngozi ya ngoma, hewa iliyomo ndani ya chungu. Kikipelekewa mtetemo wenye wakati huo, huitikia kwa nguvu. Kikipelekewa mwingine, hukaa kama hakikusikia.

Chukua udi uliotiwa sawa. Nyuzi zake nyingi hufungwa mbili mbili, kila jozi kwa sauti moja. Weka kipande kidogo cha karatasi juu ya uzi mmoja wa jozi, kisha uguse mwenzake. Karatasi itacheza, pengine itaanguka, na mkono haukuugusa uzi ule.

Hewa iliyomo ndani ya chombo nayo huitikia. Puliza juu ya mdomo wa chupa au mtungi utasikia mvumo. Ukipuliza vyombo viwili vyenye shingo sawa, kile chenye tumbo kubwa huvuma kwa sauti nzito, na chenye tumbo dogo kwa sauti nyembamba. Kanuni ya ukubwa huonekana pia katika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Lurambi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisaidiwa na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Kubwa hunguruma, ndogo hulia juu, na mpigaji hujua ngozi ikilegea sauti hushuka. Mpiga ngoma wa Unguja anayeiwamba ngozi yake kwa moto hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo.

Sasa tuje kwa mwanadamu. Kooni mwetu mna kunjo mbili ndogo za nyama ambazo pumzi ikipita hutetemeka. Za mwanamke azungumzaye hutetemeka mara 200 hivi kwa sekunde, na akiimba huzidi sana. Lakini sauti itokayo hapo peke yake ni kama mlio wa nyuki, haina uzuri wala haiwi neno. Koo, kinywa na pua ndivyo vyungu vyake. Tunapobadili umbo la kinywa tunabadili chombo, na kile kinachoitikia hubadilika. Hivyo ndivyo a inavyokuwa a, na u ikawa u.

Aliyesoma chuoni anajua jambo hili hata kama hajalisikia kwa jina la fizikia. Mwalimu wa tajwidi anapomrudisha mtoto mara kumi kwa sababu ya ghunna ya nuni na mimu zenye shadda, anamfundisha kuipa sauti chumba cha pua kiitikie. Ziba pua yako ujaribu ghunna, utaiona inavyokatika. Na kuna zaidi. Hata njia ya sikio, yenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, ni chombo kiitikiacho, na huitikia zaidi mitetemo ya kama 3,000 kwa sekunde. Sauti ya mwimbaji yenye nguvu nyingi upande huo huingia sikioni kwa urahisi kuliko nyingine iliyopigwa kwa pumzi kubwa zaidi. Basi kusikika mbali hakutokani na kupiga kelele. Hutokana na kuipeleka pumzi mahali panapoitikia.

KUJA MJINI

Mwaka 1911 Siti aliiacha Fumba akahamia mjini Unguja. Mji ule ulikuwa na muziki wake tayari. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na taarab ikaanza kupigwa katika jumba la mfalme kwa lugha ya Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao wakakiita Nadi Ikhwan Safaa, jina linalotukumbusha wale wanazuoni wa Basra. Ni mmoja wa watu wa chama hicho aliyeisikia sauti ya Siti akaamua kumfundisha.

Fikiri, ndugu msomaji, uzito wa kazi hiyo. Mwanamke mtu mzima, asiyejua kusoma, alijifunza kuimba Kiarabu kwa kusikia na kuhifadhi, neno kwa neno, akarekebishwa matamshi na kuambiwa pumzi ianzie wapi na iishie wapi. Sauti ya kunadi vyungu ni zawadi ya Mwenyezi Mungu. Sauti ya kuimba muda mrefu bila kuchoka wala kukosea ni zawadi hiyo pamoja na miaka ya mazoezi.

Kisha akapata wenzake: Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Mbaruku na Buda bin Swedi, pamoja na vyombo vyao. Uzi wa udi ukitolewa kwenye udi, ukafungwa baina ya misumari miwili ukutani, hausikiki hatua chache tu. Ni mwembamba mno, huikata hewa bila kuisukuma. Ukifungwa kwenye udi, huutikisa ubao mwembamba, nao ubao una upana wa kuisukuma hewa nyingi, na hewa iliyomo tumboni mwa udi ikaitikia. Tumbo hilo haliongezi nguvu hata chembe. Linatoa nje kwa upesi nguvu ile ile ambayo uzi ungebaki nayo bure, na ndiyo maana uzi uliofungwa juu ya ubao mzuri hunyamaza mapema kuliko ule wa ukutani.

Siti na wenzake walifanya jambo jingine lililokuwa kubwa kuliko yote hayo. Waliimba kwa Kiswahili. Taarab ambayo watu wengi wa Ng’ambo waliisikia bila kuifahamu maneno, sasa iliwafikia ikiwa na habari zao wenyewe: mapenzi, dhuluma, hukumu za mahakamani, na tabia za wakubwa. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Watu walikuwa na uchungu huo kifuani kabla wimbo haujatungwa. Huku si kuitikia kwa fizikia, ni mfano tu, lakini ni mfano unaofaa: wimbo ule uliwagusa watu katika wakati wao.

SAUTI KATIKA SAHANI

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, kwenda kutiwa sauti katika sahani za santuri za kampuni ya His Master’s Voice. Walikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo kwa Kiswahili. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu njia ya kunasa sauti kwa umeme ilipoanza kutumika duniani mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alilazimika kuimba ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchonga.

Sahani ile ilikuwa ni wimbi lililogandishwa. Mitetemo ya sauti ilichongwa kama mfereji mwembamba wenye mikunjo, unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sahani yenyewe ilitengenezwa kwa utomvu utolewao na wadudu wa India, ukachanganywa na unga wa mawe. Nyumbani, sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, sindano ikapita mferejini ikitikiswa na mikunjo ile ile, kiwambo kidogo kikatetemeka, na pembe ya gramafoni ikakisaidia kuishika hewa ya chumba. Pembe kwa kazi hiyo si jambo geni kwetu. Siwa ya Lamu hufanya hivyo kwa midomo ya mpigaji. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu tu, hivyo nyimbo zilizozoea kupigwa usiku kucha zilibidi zikatwe zienee.

Kutoka hapo Siti alitiwa katika sahani mara nyingi, nyimbo zaidi ya 200 kwa jumla, na sauti yake ikasikika mwambao mzima na bara. Ile hesabu ya robo na tisa haikumzuia tena. Binti aliyepewa jina la Mtumwa alikaa sebuleni mwa watu ambao wazazi wake wasingeruhusiwa kuingia.

WALIOMCHEKA

Hasidi hawakukosekana. Wapinzani walimtungia beti za kumcheka kwa asili yake, kwa nguo aliyoingia nayo mjini, na kwa kudai kwamba bila sauti asingekuwa na chochote. Naye aliwajibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya taarab.

Lakini tuyapime maneno yao kwa yale tuliyojifunza. Walidhani sauti ni kitu kimoja alichookota njiani, kama mtu aokotavyo sarafu. Sivyo. Kunjo mbili za koo kila mtu anazo. Kilichomfikisha Siti alipofika ni vyombo vyote alivyovijenga kuizunguka sauti ile: pumzi iliyofundishwa, matamshi yaliyonyooshwa, nyuzi za wenzake zilizotiwa sawa naye, na lugha ambayo masikio ya watu yalikuwa yakiingojea. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, lakini debe huvuma mvumo mmoja tu, na hakuna aliyevuka bahari kwenda kuunasa.

Siti alifariki Julai 1950. Nyuma yake sauti nyingine ziliendelea. Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliziimba nyimbo zake mpaka uzeeni, naye akafariki mwaka 2013. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakuliita sura yake, wala nyumba yake, wala mali yake.

Wapo vijana wanaosoma mawimbi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega, na wapo wanaoyasoma Mombasa na Unguja, nao huona hesabu zake ni kavu. Wakiipata sahani kuukuu ya Siti, waisikilize huku wameishika sanduku la gramafoni kwa mkono. Wataihisi ikitetemeka vidoleni, mtetemo ule ule uliotoka kooni mwake Bombay karibu miaka mia moja iliyopita. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze pema. Amin.